Uwanja Usio na Vumbi

Mtaa mzima ulimwita Fundi Kesho, na jina hilo alijitakia mwenyewe. Ukimpelekea gari leo, atakwambia njoo kesho. Ukija hiyo kesho, utamkuta kalala chini ya gari la mtu mwingine, miguu tu ndiyo inaonekana, na sauti itatokea huko uvunguni: "Kesho, bosi wangu, kesho asubuhi na mapema unaliendesha mwenyewe." Watu walinuna, walisonya, wengine waliapa hawakanyagi tena pale. Walirudi. Gari likishatoka mikononi mwa Fundi Kesho lilikuwa limepona kweli, haliugui tena ugonjwa uleule.

Lakini kulikuwa na kazi moja ambayo hakuiahirisha hata mara moja kwa miaka ishirini na sita. Kila Jumamosi asubuhi, kabla hajashika spana, alichukua dumu la oili chafu aliyoitoa kwenye injini za wiki nzima, akaimimina kwenye kopo kubwa la maziwa lililotobolewa matundu kwa msumari, akazunguka uwanja wa gereji akinyunyiza. Alianzia langoni, akapita mbele ya kibanda cha vifaa, akamalizia chini ya dirisha la chumba alicholala, maana nyumba na gereji vilikuwa ndani ya ua mmoja. Hakurusha ovyo. Alinyunyiza taratibu kama mtu anayemwagilia bustani. Akimaliza, uwanja ulikuwa mweusi, umeshikana, unang'aa kidogo, na upepo ukivuma unavyotaka, vumbi halikuinuka hata chembe.

"Kwa Fundi Kesho unaweza kula chini bila sahani," watu walisema. Naye akisikia hivyo alivimba kichwa, tusifichane.

Sasa msije mkadhani ni usafi tu uliomsukuma. Mkewe alikuwa na pumu. Walipohamia pale, wachanga bado katika ndoa, barabara ya mbele ilikuwa ya udongo kama ilivyo mpaka leo, na malori yalipita kutwa. Kiangazi cha kwanza yule binti wa watu alikiona cha moto. Alikuwa analala ameketi, kashika kizingiti cha dirisha, mabega yanapanda na kushuka, sentensi moja anaimaliza kwa pumzi nne. Mwezi ule walikimbilia hospitali mara tatu. Ndipo fundi mzee aliyemfundisha kazi akamwambia, "Mwaga oili chafu uwanjani. Sisi wote tunafanya hivyo. Ardhi inainywa, vumbi linakufa." Akamwaga. Wiki mbili baadaye mkewe alilala chali usiku kucha kama watu wengine, na asubuhi fundi alimkuta anaimba huku anafagia.

Lile kopo alilitoboa mke mwenyewe, kwa nyundo ya gereji. "Ukimwaga kwa dumu unatengeneza madimbwi kama mlevi," alimwambia. "Nyunyiza kwa hili." Akamkabidhi kama anayekabidhi zawadi ya harusi.

Mama huyo alifariki miaka sita iliyopita. Haikuwa pumu iliyomchukua, ulikuwa moyo, ghafla, mchana, akiwa anaanua nguo. Jumamosi ya kwanza baada ya maziko, waombolezaji wengine bado hawajaondoka, Fundi Kesho aliamka, akajaza kopo, akanyunyiza. Jirani mmoja akamuuliza anamnyunyizia nani sasa. Akajibu kwamba uwanja umeshazoea. Alipofika chini ya dirisha akasimama pale muda mrefu na kopo likadondosha oili yote mahali pamoja. Hiyo ndiyo ilikuwa sala yake ya kila wiki, na hakuwa na nyingine.

Mtu mwingine aliyebaki naye duniani alikuwa dada yake. Huyo ndiye aliyemlea. Mama yao alipokufa, fundi alikuwa na miaka tisa na dada kumi na saba, na dada akakaa kwenye cherehani mpaka mgongo ukapinda. Kijana alipotaka kujifunza ufundi, dada aliiuza ile cherehani akamnunulia sanduku la spana. Naye kijana akamwahidi dada yake kwamba atamnunulia nyingine kesho. Ilimchukua miaka kumi na minne, lakini alinunua.

Uzeeni, mgongo ukiwa umekataa kabisa kushona, dada aligeukia ziwa. Ziwa lilikuwa chini ya mteremko, robo saa kwa miguu kutoka gereji. Aliweka vizimba vinne vya nyavu, vinaelea juu ya mapipa ya plastiki, akafuga samaki ndani yake. Alivipenda vizimba vile kupita kiasi. Alisimama kwenye gati lake dogo la mbao asubuhi na jioni akiwatupia chakula, akiwasema kama watoto: wewe mlafi, wewe kaa pembeni wenzako nao wale.

Mwaka wa kwanza, mvua za kwanza zilipopiga, samaki walikufa wote ndani ya siku mbili. Watu wakasema ni bahati mbaya. Mwaka wa pili, mvua za kwanza tena, wakafa tena. Safari hii fundi alishuka kumsaidia. Walichimba shimo ufukweni, wakawa wanawachota kwa ndoo, samaki wazima wa kuuzwa, matumbo juu, macho meupe. Juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi rangi, zambarau na bluu na njano, unajikunja kila wimbi likipita.

"Mdogo wangu," dada yake alisema, maji yanamfika magotini, "mbona nasikia harufu kama ya gereji yako?"

"Ni mimi unayeninusa, dada," alijibu. "Nguo hizi hata uzichemshe."

Dada yake akacheka kidogo, machozi yakimtoka, akaendelea kuchota. Na wallahi fundi hakusema uongo. Pua yake ilikuwa imeshakufa kwa oili. Enzi za mkewe sufuria ingeungua jikoni mpaka moshi ukajaa ua, yeye yuko uvunguni mwa gari hana habari. Asingeinusa oili hata ungempaka puani.

Kwa hiyo alitafuta mchawi kwingine, akampata bila shida. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na kiwanda cha ngozi chenye bomba linalotema maji ya kahawia. Fundi Kesho akawa mbele ya msafara wa wakazi kwenda pale getini, mishipa ya shingo imemtoka, anafoka: "Mnatuulia samaki! Mnamuua dada yangu!" Hawakufunguliwa. Wakaandika barua kwa ofisi ya maji, na sahihi ya kwanza ilikuwa ya kwake, kubwa, imekula mistari miwili.

Ofisi ikamtuma mpima maji, mama mmoja mwembamba aliyevaa buti za mpira zilizomzidi miguu, asiye na maneno mengi. Alizunguka na vichupa vyake wiki nzima. Kisha akaja gerejini Jumatano asubuhi, mwenyekiti wa mtaa akiwa nyuma yake.

"Kiwanda nimekipima," alisema. "Kina makosa yake, nimeyaandika, watayajibu. Lakini kilichoua samaki wa dada yako ni oili, na oili haitoki kwenye ngozi. Inatoka upande huu, sijui ni wapi. Nataka kupima mitaro."

"Mtaro wetu unakwenda kwenye mabwawa ya majitaka, nyuma ya kilima," fundi alisema. "Tangu tuhamie tunajua hivyo." Na kweli ndivyo mtaa mzima ulivyojua. Hakuna aliyewahi kuufuata kwa miguu.

"Tutaona," akasema mpima maji.

"Basi anzia kwangu," fundi akamwambia, kifua mbele. "Nitoe kabisa kwenye orodha, uende kwa wenye makosa."

Mwenyekiti alikuwa ameshatangulia ziwani kusimama na dada pale vizimbani, kabla haijaamuliwa waanzie kwa nani. Mpima maji akachota kijiko cha unga mwekundu kama matofali yaliyosagwa, akautia kwenye mtaro nje ya lango la gereji, akafungua bomba la tangi la fundi. Unga ulipogusa maji ukageuka kijani kikali, kijani ambacho hakipo kwenye jani lolote. Alisema hauna madhara, hata samaki wanaogelea ndani yake. Maji yakaondoka na rangi yake yakiteremka, nao wakasimama wakisubiri. Fundi akaanza kupiga soga za magari. Mama yule alitazama saa.

Baada ya dakika ishirini na mbili simu ya fundi ikalia.

"Mdogo wangu, kijani imefika huku!" Dada yake alikuwa anapiga kelele kwa furaha. "Imeingia moja kwa moja kwenye vizimba! Tumewapata! Wamemwaga wapi hiyo?"

Fundi akamtazama mpima maji, akatazama uwanja wake mweusi.

"Mtaroni," alisema.

"Mtaro gani?"

"Huu wa barabara. Mtaro mrefu, dada, una nyumba nyingi." Akakata simu.

Mpima maji aliinama, akachomeka kijiti uwanjani, akakizungusha, akakitoa kimelowa weusi. "Bomba la choo na mtaro wa mvua ni vitu viwili," alisema taratibu. "La choo linakwenda bwawani. Mtaro wa mvua hauna pa kwenda ila chini, na chini ni ziwa. Ardhi yako hii ilikunywa miaka mingi, baba. Imeshiba. Mvua ikinyesha inatapika." Akafuta kijiti kwa karatasi, akaitia mfukoni mwake. "Ripoti naisoma Jumapili kwenye mkutano wa mtaa. Nadhani dada yako angependa kuisikia kwako kabla haijatoka kwangu."

"Kesho nitamwambia," fundi akasema.

Alhamisi alishuka ziwani mapema, akiwa amejikaza kisabuni. Dada alikuwa anaosha nyavu mpya, amechangamka kama msichana. Akampasha habari kabla hajafungua mdomo: ameagiza vifaranga vya samaki elfu mbili, wanaletwa Jumamosi asubuhi.

"Husubiri kwanza ripoti?" fundi aliuliza.

"Nisubiri nini, na wewe ulikuwepo pale? Mwenyekiti anasema mwenye oili akijulikana atazuiwa, basi. Nikingoja, msimu unapita." Akakamua wavu. Sauti ikashuka. "Hii ni mara ya tatu. Hawa nao wakifa, nauza nyavu, nakwenda kukaa kwa mwanangu. Atanikalisha kwenye kochi anipe rimoti nitazame watu wengine wanavyoishi. Sitarudi tena hapa, nakwambia ukweli."

Fundi akaanza kukaza kamba za mapipa ambazo hazikuwa zimelegea. Akazikaza zote, kizimba hadi kizimba, kisha akapanda mteremko kurudi nyumbani.

Ijumaa alishuka tena. Akamkuta dada kakaa kwenye kigoda anashona tundu la wavu kwa sindano kubwa, miwani kwenye ncha ya pua. Akasimama mbele yake, kivuli chake kikamfunika.

"Dada."

"Ee."

"Huu uzi... ni wa namba ngapi?"

Dada akamtazama juu ya miwani. "Tangu lini wewe ukajali uzi?" Akaendelea kushona. Na lile zee la miaka hamsini na nane, lililowahi kufoka mbele ya geti la kiwanda, likafyata mkia likaondoka.

Msimcheke. Alikuwa anaogopa, na aibu nayo ilikuwa inamla. Mtu aliyempoteza mama, akampoteza mke, amebakiwa na mtu mmoja wa kumwita mdogo wangu. Akisema, ataitwaje?

Jumamosi kulipambazuka na wingu zito upande wa mashariki. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye kopo. Akalijaza, akaanza langoni, matone yakaanza kuanguka kwenye udongo, na ndipo akayaona. Ninamaanisha aliyaona kwa mara ya kwanza, jinsi yanavyokaa juu, hayazami, yanang'aa na kutafuta mteremko. Akasimamisha kopo, akaziba matundu kwa kiganja kama mtu anayeziba jeraha.

Akatazama dirisha. Akajikuta anamkasirikia marehemu. Ni wewe, alisema moyoni, ni kifua chako wewe. Papo hapo akaona haya mpaka masikio yakawaka. Mkewe hakuwahi kumwambia aue kitu. Alitaka pumzi tu, na miaka hii sita yote amekuwa akinyunyizia kitanda kitupu.

Akaliweka kopo chini, akatoka mbio.

"Fundi, kuna moto wapi?" mama wa kuku, jirani yake wa tatu, akapiga kelele. Hakujibu. Aliteremka akifuata mtaro, kandambili moja ikakatika akaiacha. Haikuwahi kumpitia akilini kuufuata, na sasa uliendelea tu kumwonyesha: pale samadi ya kuku imesukumiwa ndani, pale maji ya sabuni ya nguo, pale mfuko wa mbolea uliopasuka, na pembeni, kuanzia langoni kwake hadi chini, mstari mweusi uliogandia kwenye mawe kama masizi. Hakuna nyumba iliyokuwa safi. Lakini mstari mweusi ulikuwa wa nyumba moja.

Ufukweni lori la vifaranga lilikuwa limeegeshwa, dereva anakunywa chai. Mifuko ya plastiki iliyojaa maji na hewa, na ndani yake samaki wadogo kama sindano, ilikuwa inaelea ndani ya vizimba ili wazoee joto la ziwa. Dada yake alikuwa amepiga magoti juu ya mbao, wembe mkononi, ameshika shingo ya mfuko wa kwanza.

"Dada, usifungue!"

"Umechelewa kunisaidia," alisema bila kugeuka. "Njoo ushike huu."

"Usifungue. Ni mimi."

Akageuka.

"Oili ni ya kwangu," fundi alisema, anahema. "Rangi ile ilimwagwa langoni kwangu. Nilijua tangu Jumatano. Ninanyunyizia uwanja kila Jumamosi, tangu enzi za wifi yako, kwa ajili ya vumbi. Nilidhani ardhi inainywa. Mvua inakuja leo, dada. Ukiwafungua watakufa."

Dada aliuachia mfuko taratibu. Aliweka wembe kwenye mbao, akaufunika kwa kiganja.

"Kila Jumamosi?" aliuliza.

"Kila Jumamosi."

"Hata ile Jumamosi uliyokuja tukazika samaki?"

Fundi aliinamisha kichwa. "Nilinyunyiza kwanza, ndipo nikaja."

Dada akayageukia maji. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga, afadhali angemtandika kofi kama alivyokuwa akifanya zamani mdogo wake akichelewa kurudi kutoka shule.

"Nilikuuliza," alisema. "Nilisimama hapa hapa nikakwambia nasikia harufu ya gereji yako. Ukaniambia ni nguo."

"Pua yangu haisikii, dada."

"Yangu inasikia. Ungeniamini mimi." Akainuka, mgongo ukimsumbua, akampungia dereva. "Rudisha watoto hawa bwawani kwao," alimwambia. "Bado hawajafunguliwa." Kisha, bila kumtazama ndugu yake: "Nenda nyumbani, fundi."

Alikuwa hajawahi kumwita fundi maishani mwake.

Mvua ilianguka saa nane mchana. Fundi Kesho alikuwa ameshabeba magunia manne ya maranda kutoka kwa seremala, akayapanga langoni kuzuia maji, akasimama nyuma yake amelowa chapachapa. Alitazama uwanja wake ukiamka. Rangi zile zile, zambarau na bluu na njano, zilipanda kutoka chini ya miguu yake zikaelekea langoni, zikajikunja kwenye magunia. Nyingine zilipita. Alijaribu kuziba kwa mikono. Alilia pale, mtu mzima, na mvua ikamsitiri.

Jumapili ukumbi wa mtaa ulijaa. Mpima maji alipofungua jalada lake, fundi alisimama. "Usisumbuke kusoma," alisema. "Ni mimi." Nyuma mtu akacheka akidhani ni mzaha wake wa kawaida, kisha akanyamaza. Fundi akaeleza yote, pamoja na yale ya getini kwa watu wa ngozi. Alipokaa, mama wa kuku akainuka nusu, akauliza kwa sauti ndogo, "Na samadi ya kuku wangu?"

"Ipo," mpima maji akajibu. "Ukurasa wa pili."

Ukurasa wa pili ulikuwa mrefu, na kila aliyeusikiliza alijisikia vibaya mahali fulani. Dada alikuwa amekaa safu ya mbele, mkoba mapajani. Kikao kilipokwisha alitoka kwa mlango wa upande.

Kazi ilichukua miezi. Fundi alifunga gereji wiki sita akachimba uwanja kwa sepeto, na weusi ukaenda chini hadi urefu wa mkono toka kiwiko. Majirani walikuja wakamsaidia, wengine kwa huruma, wengine, nadhani, kwa kuogopa zamu yao. Ofisi ya maji ikauchukua udongo kwa lori kwenda kuuzika mahali penye sakafu ya zege. Akamwaga kokoto, akachimba shimo la kuchuja lenye maranda kando ya lango, akaweka mapipa yenye mifuniko chini ya paa kwa ajili ya oili chafu, wapo watu wanaikusanya na kuichoma kwenye tanuri kubwa. Mama wa kuku akahamishia samadi yake nyuma, kwenye shimo lililofunikwa. Wenye kufua wakaacha kumwaga sabuni mtaroni, wakamwaga kwenye udongo mbali. Kila nyumba ikapewa kipande cha mtaro kilicho mbele yake kukizoa takataka, na kule chini kabla ya ziwa wakapanda majani marefu, safu kwa safu, ili maji yapite taratibu na kuacha uchafu wake pale.

Kiangazi kikaja, na vumbi likarudi kudai haki yake. Lilipita juu ya kokoto, likaingia dirishani, likakaa kwenye meza, kwenye shuka, kwenye kiti cha mbao alichopenda kukalia marehemu. Fundi alikifuta kiti kile kila asubuhi na kila asubuhi kilikuwa kimegeuka rangi. Dada hakuja, hakupiga simu. Naye hakuthubutu kushuka. Watu walimwambia vizimba bado vipo, vitupu, na bibi anakwenda kukaa pale gatini asubuhi na jioni kama kawaida.

Siku moja alasiri alikuwa ameinama na kitambaa mkononi, akasikia hatua mlangoni. Dada yake alisimama pale akihema kwa ule mlima. Hakusalimia. Akatazama chumba, akapitisha kidole kwenye mkono wa kiti, akakiangalia kidole. Kisha akamnyang'anya kitambaa.

"Wifi yangu hakai kwenye vumbi," alisema, akaanza kufuta mwenyewe, miguu ya kiti, mgongo wa kiti, mpaka chini ya kiti pale ambapo hakuna anayepaona. Fundi alisimama pembeni na mikono mitupu.

"Angekohoa sana humu," dada akasema.

"Angekohoa."

"Lakini angekuwa wa kwanza kukukataza, angejua."

"Najua, dada."

Akamrudishia kitambaa. "Mvua ya kwanza ikinyesha nitakwenda kunusa," alisema. "Nikisikia oili, hata kidogo, nauza nyavu siku hiyohiyo. Usije ukaniambia kesho, fundi." Akaondoka bila kunywa hata maji.

Mvua ilichelewa mwaka ule. Ilipokuja, ilikuja asubuhi, kwa kishindo, mtaro ukajaa mpaka ukingoni. Fundi Kesho alitoka uvunguni mwa gari la mteja, akamwambia mteja asubiri, akakaa kibarazani simu ikiwa gotini. Alitazama maji yakipita kwenye kokoto zake. Yalionekana safi, lakini macho yake hakuyaamini tena, na pua ndiyo hiyo imekufa. Saa ikapita.

Simu ikalia.

"Niko hapa gatini," dada alisema. Nyuma yake mvua ilikuwa inapiga ziwa. "Nimeinama mpaka usoni."

"Ehe?"

"Sisikii kitu."

"Nusa tena, dada," alisema. "Tafadhali. Nusa vizuri."

Upande wa pili akamsikia anavuta pumzi, ndefu, taratibu, yote mpaka mwisho, kisha anaitoa.

"Maji tu," alisema. "Ni maji tu, mdogo wangu."